Vipande vya Mchekeshaji

Binti yangu ana tabia moja inayonikera roho. Tukikaa sebuleni hapa Khuwair, Maskati, kutazama filamu ya Kihindi, mchekeshaji akishatokeza pua tu, yeye anachukua rimoti anamvusha. Ati anachelewesha hadithi. Mara ya kwanza nilimwambia kwa wema. Mara ya pili nilimpokonya hiyo rimoti nikaikalia, na hakuipata tena mpaka filamu ilipokwisha. Alidhani nafanya mzaha. Mimi sina mzaha na watu wanaovusha wachekeshaji. Nna ugomvi nao tangu ujana wangu, na sijawasamehe.

Mimi na Mama tulishuka Maskati mwaka wa sitini na nne, miezi michache baada ya mambo ya Unguja. Baba alikwishafariki zamani, Mungu alimwepusha na tuliyoyaona. Aliyetupokea ni Mjomba, kaka yake Mama, ambaye alirudi Omani mimi nikiwa mdogo, akafungua duka la vyakula. Bila ya dhamana yake tusingeruhusiwa hata kukanyaga forodhani, na hilo hakutuacha tulisahau. Nyumba yake ilikuwa nje ya ukuta wa mji, vyumba viwili vya juu vyenye ngazi nyembamba, na majabali nyuma yake yaliyokuwa yakitoa joto hata jua likishazama. Mimi nilikuwa nimesomea ualimu. Nikafika kwenye mji usiokuwa na skuli ya serikali ya wasichana hata moja, nikakaa kuchambua mchele. Nikiamka nimekasirika, nikilala nimekasirika, na baina ya hapo nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye.

Yaliyokatazwa wakati ule yalikuwa mengi, na mengine ukiyahadithia leo vijana wanakuona unazua. Linalohusu hapa ni mawili. Kwanza, senema hakuna. Pili, kila usiku saa tatu mzinga ulikuwa ukilia ngomeni, milango ya mji ikafungwa. Aliye ndani abaki ndani, aliye nje abaki nje.

Kwetu Unguja siku ya zanana ilikuwa siku kweli. Senema nzima ya wanawake peke yao, mabuibui yameteremshwa mabegani, watoto wanalia, sambusa zinapita safu kwa safu. Kihindi hatukijui, lakini tukifahamu kila kitu. Wengine walikwenda kwa ajili ya nyimbo, wengine kwa kumlilia kijana aliyenyimwa mchumba. Mama alikwenda kwa ajili ya mchekeshaji mmoja, bwana mwembamba mwenye masikio makubwa, ambaye kila filamu alikuwa ama mpishi, ama dobi, ama mtumishi wa baba yake msichana. Jina lake hatukulishika. Tukimwita yule wa masikio, basi. Mama akimwona anajipiga mapaja mpaka mtandio unamwanguka, na mwanamke huyo nyumbani alikuwa mkali, huwezi kuweka kikombe mezani kwa kishindo mbele yake.

Asiyezijua filamu za zamani za Kihindi lazima aelezwe jambo moja. Mchekeshaji mule alikuwa na hadithi yake peke yake. Hadithi kubwa inakwenda huku na machozi yake, yeye anakwenda kule na mchumba wake, baba mkwe wake, hata wimbo wake mwenyewe. Mara mojamoja wanapishana mlangoni. Ukimtoa mzima mzima, hadithi kubwa haitikisiki. Hilo ndilo lililotuponza.

Jicho la kushoto la Mama lilikuwa limeshazima kabla hatujafika. Mwaka uliofuata la kulia nalo likaanza kuingia ukungu. Nikampeleka kwa daktari wa kizungu katika hospitali ya wamishionari, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza, mimi ndiye niliyetafsiri. Daktari alisema la kushoto limekwenda na halirudi. La kulia linalifuata, labda mwaka, labda chini ya mwaka, na hana dawa. Jaribu wewe kumwambia mama yako maneno hayo, uso kwa uso, huku daktari anakungojea umalize. Nilimwambia. Mama akajifunika vizuri, akasema, "Basi kabla halijakwenda, nnataka kumwona yule wa masikio."

Nilidhani atasema Makka. Lakini Makka alikwenda na Baba zamani. Nilipomuuliza njiani kwa nini huyo, alinijibu kwamba waigizaji wakubwa wanalia sana, na sisi tumeshalia vya kutosha wala hatukuhitaji kukata tikti.

Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba mji hauna senema. Nilikuwa nimeshaanza kujitayarisha kumwambia, ndipo ilipojulikana khabari ya mke wa tajiri. Huyu alikuwa Mhindi, Baniani, mume wake muuza nguo, nyumba yao ndani ya ukuta karibu na bandari. Mama alikwenda dukani kwao kununua kitambaa, akasikia Kikachi, lugha yao, kinasemwa nyuma ya pazia, akajibu. Kikachi chake kilikuwa cha kuokoteza kwa majirani wa Unguja, lakini kilitosha. Yule mwanamke akatoka, wakashikana mikono, na kuanzia siku hiyo akawa anamwita Mama ben, dada. Baada ya wiki kadhaa za chai alimnong'oneza siri ya nyumba. Mumewe alikuwa na mashine ndogo ya senema. Meli ya barua ikitoka Bombay inamletea filamu, yenyewe inaendelea na safari yake mpaka Basra, na ikirudi inaichukua. Baina ya kwenda na kurudi meli, wanawake wa nyumba na mashoga zao wanaonyeshwa uani, mlango umefungwa.

Akamtolea Mama kijitabu cha nyimbo cha filamu inayokuja. Mama akakisogeza mpaka kikagusa pua, akakiegemeza upande wa jicho la kulia, akakizungusha. Pembeni kabisa, chini ya picha za wakubwa, alikuwapo yule wa masikio, kashika bakuli. Mama alikishika kile kijitabu mpaka chai ikapoa.

Siku ilipofika tukaingia mjini kabla ya magharibi. Shuka jeupe limetandazwa ukutani, mikeka chini, jenereta inanguruma chumba cha nyuma. Aliyeendesha mashine alikuwa shemeji wa mke wa tajiri, mdogo wake mumewe, kijana wa miwani, mpole, anayeogopa wanawake. Alikaa nyuma ya pazia na mashine yake, kaacha tundu la mwanga kupita. Mama nilimweka mbele kabisa. Filamu ikaanza. Wakapendana, wakaimba, wakatenganishwa, wakaimba tena kwenye mvua, mama yake kijana akaugua, wakapatana, ikaisha. Taa zikawashwa. Mama akageuka akaniuliza, "Yuko wapi?"

Nilimuuliza mke wa tajiri kwa Kiarabu. Alinieleza bila ya wasiwasi wowote, kama anayekueleza kwamba kunde zinatolewa mawe kabla ya kupikwa. Filamu ni ya saa tatu. Mzinga unalia saa tatu. Uani hapana giza la kutosha mpaka baada ya magharibi, na wageni wanaokaa nje ya ukuta, ndio sisi, lazima watoke na fanusi zao kabla ya milango kufungwa. Basi lazima kitu kipungue. Nyimbo huwezi kuzipunguza, watu wanakuja kwa ajili yake. Hadithi ukiipunguza hawafahamu. Kwa hivyo shemeji yake anaitazama filamu mwanzo peke yake, anamtoa mchekeshaji kwa wembe, anaunga kwa gundi, na kabla ya meli kurudi anamrudisha mahali pake. Walikuwa wanafanya hivyo kila filamu, na hajawahi mtu kulalamika. Tena alikuwa anajivuna na kazi ya shemeji yake, kwamba hata maungio hayaonekani.

Nilikuwa nimevaa viatu vyangu tayari na nilitaka kuvivua nimrushie mtu, ila sikujua nani. Yeye ni mwenyeji wetu, katupa chai na chevda za kutafuna. Shemeji yake yuko nyuma ya pazia. Mzinga ni wa serikali. Tukatoka na fanusi, Mama kanishika mkono, na tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama ngazi zimefika.

Filamu ya pili ilikuja baada ya miezi, kwa sababu meli hazikuleta kila mara, na yule wa masikio hayumo katika kila filamu. Safari hii niliwahi. Nilikwenda kwa mke wa tajiri mapema nikamwomba waache japo mahali pamoja tu. Alikubali. Akazungumza na shemeji yake, naye akakubali. Usiku ule tulimwona yule bwana akifungua mlango, kavaa aproni, akafungua mdomo, na papo hapo akageuka kuwa bibi harusi anayelia. Kumbe kijana wa watu alifahamu kwamba aache ule mlango, kwa sababu ndio unaomwingiza baba wa msichana. Mama alikwishaanza kujipiga paja. Mkono ukabaki hewani, akautumia kutengeneza mtandio.

Nilirudi nyumbani nikamvaa Mjomba. Nilimwambia jambo ni jepesi: tutalala kwa mke wa tajiri siku moja, mzinga ulie utakavyo, filamu ionyeshwe nzima, asubuhi tutarudi. Mjomba alikuwa anakula tende. Alizila zote kwanza. Kisha akasema hatokuwa mtu wa kwanza Maskati ambaye dada yake analala nyumba ya Baniani kwa ajili ya senema, na kama tulitaka kusikilizana na mji huu tuache mambo ya Unguja Unguja. Yeye mwenyewe kazaliwa Unguja! Nikamkumbusha daktari kasema nini. Akasema macho ni ya Mungu, na akauliza kama maji ya kuoga yameshatekwa.

Wallahi nililia kwa ghadhabu siku ile, si kwa huzuni. Jicho lina muda wake, meli ina muda wake, mzinga una muda wake, na kila mwenye ufunguo ana adabu zake na sababu zake, hapana hata mmoja ninayeweza kumwita mbaya. Ningepata mbaya mmoja ningepumua. Mama alikuwa ananiambia, "Usijiue, mwanangu, naona bado, kidogo kidogo naona." Alikwishaacha kutunga sindano na kwenye ngazi akipita na mkono ukutani, lakini ngazi zile kila mtu akizipita hivyo.

Ilipokuja filamu ya tatu sikungojea mtu. Nilikwenda mwenyewe nikamwomba mke wa tajiri anipeleke kwa shemeji yake, naye akanipeleka, akakaa mlangoni kwa ajili ya heshima. Kijana alikuwa anafanya kazi bakharini, chumba cha chini walikoweka majora ya nguo, hakina dirisha. Alikuwa keshamaliza kukata. Ukutani alipigilia misumari, na kwenye kila msumari ananing'inia yule wa masikio, kipande kwa kipande, mikanda mirefu na mifupi, kama utumbo unaoanikwa. Niliuchukua mmoja nikauinua kwenye taa. Mdogo kama ukucha, kasimama na sinia.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na ugomvi ukanitoka kwa namna nyingine. Nikamwambia, vipande hivi si unavyo vyote hapa? Si una gundi? Basi viunge vyote pamoja, mkanda mmoja, bila ya hadithi, bila ya nyimbo. Chumba hiki kina giza mchana kutwa. Tutakuja baada ya adhuhuri, milango iko wazi, hapana mzinga, hapana Mjomba. Alinitazama kupitia miwani yake, akasema hiyo ni kazi mara mbili, maana atalazimika kuvikata tena kuvirudisha. Mke wa tajiri pale mlangoni akamwambia kitu kwa Kikachi, kifupi, sikukifahamu. Kijana akachukua gundi.

Tulikwenda siku moja kabla ya meli kurudi. Nilimwambia Mjomba tunakwenda kununua nguo, na kweli tulikuwa tunakwenda kukaa juu ya nguo, kwa sababu majora ndiyo yaliyokuwa viti vyetu. Walikuja pia wanawake wa nyumba na majirani wawili, kwa udadisi wa kumwona mtu ambaye miaka yote wanamtupa. Shuka likafungwa kwenye rafu. Waya wa spika haukufika, kwa hivyo spika ikawekwa kando, juu ya kasha, mkono wa kushoto wa shuka. Mama nikamkalisha mbele katikati, mimi nikakaa ubavuni karibu na ukuta, ili nimtazame anavyotazama. Ndicho nilichokijia. Yeye amwone bwana wake, mimi nimwone yeye.

Akatokea. Hakuna mwanzo, hakuna nani ni nani, yeye tu na masikio yake, anagombana na muuza mboga. Wanawake walianza kucheka, na Mama akacheka, akajipiga mapaja, mtandio ukaanguka. Kipande kikaisha kwa kishindo cha gundi, kikaja kingine, anamwomba baba mkwe posa, sauti yake ile ya puani. Mama akacheka tena. Nilijisikia nimekuwa mrefu. Nilijisikia nimewashinda wote, Mjomba na mzinga na wembe.

Kisha kikaja kipande kisichokuwa na maneno. Baba mkwe kalala barazani. Yule wa masikio anatakiwa apite mbele yake na sinia ya chai, na viatu vyake vinalia. Hatua moja, kiatu kinalia, mzee anageuka. Anasimama. Anafikiri. Anavua viatu, mkono haupo wa kuvishika, anaviweka ndani ya sinia pamoja na vikombe. Anapita. Anafika kwa wageni, kichwa juu, anainama kwa adabu, anamkaribisha mgeni mkubwa kiatu. Wanawake wote walipasuka. Mama naye akapasuka, lakini nyuma yao. Walicheka wao, ndipo akacheka yeye. Wakanyamaza, ndipo akanyamaza. Nikamtazama vizuri. Uso wake haukuelekea kwenye shuka. Alikuwa kageukia kushoto, anaitazama spika.

Nilitambaa mpaka kwake, nikapitisha mkono mbele ya jicho lake la kulia. Halikupepesa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na mimi nnazunguka mji mzima, Mama, hunambii?"

"Ningekwambia ungeacha," alisema, uso bado kwenye spika. "Na mimi nilitaka kuja."

Sijui kama umewahi kutaka kumpigia kelele mtu na kumkumbatia, na usiweze hata moja kwa sababu kumejaa watu wanacheka. Nilimwinamia sikioni nikaanza kumweleza. Sasa kashika kiatu, nikasema, na wakati nasema hivyo alikwishakiacha, mgeni anakinywea chai. Nikasema mgeni kanywa, na alikwishakimbia. Kila neno langu lilikuwa linafika maiti. Mambo ya yule mtu hayasemeki, yamo usoni, yamo kwenye goti, yamo namna anavyongojea kabla ya kugeuka. Nilimgeukia kijana nikamwomba airudishe nyuma. Akatikisa kichwa, akaonyesha gundi. Maungio yatakatika, na kesho meli.

Mama akanishika mkono. "Nyamaza," alisema. "Hebu mtazame wewe vizuri. Utanihadithia nyumbani."

Basi nikamtazama. Nilimkazia macho kama ninayefanya mtihani, kila kidole, kila nyusi, kwa hasira, na katika bakhari ile nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sicheki.

Nyumbani Mama alivua viatu, akajilaza juu ya mkeka, mikono tumboni, akaniambia haya, kile cha sinia kwanza. Nikamweleza mzee alivyolala, baraza ilivyokuwa, viatu, vikombe, mgeni alivyokipokea kile kiatu kwa mikono miwili. Nilimweleza vizuri sana, kama mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, uso kauelekeza kwangu, wala mdomo haukumcheza.

"Hapana," alisema. "Yeye hana haraka hivyo. Anza tena."

Nikaanza tena.